Uso wa Sauti ya Stesheni

Watu wa mji ule waliijua sauti yake kuliko walivyozijua sauti za jirani zao. Tangu alfajiri ilikuwa ikitoka kwenye vipaza sauti vya stesheni ya reli, tulivu, haina papara, ikiwaambia abiria treni ya kaskazini iko jukwaa la pili, au kuna mtoto aliyevaa koti jekundu analia dirisha la tiketi, mwenyewe ajitokeze. Wafanyakazi wenzake walimwita Mama Tangazo. Uso wake waliujua wachache, maana chumba chake kilikuwa juu kabisa ya ngazi, nyuma ya mlango uliofungwa muda wote ili kelele zisiingie.

Alipokaribia kustaafu, mkuu wa stesheni alimwita ofisini.

"Mama, wenzako tumekubaliana. Tunataka picha yako, ya kuchorwa kwa rangi, itundikwe ukumbi wa abiria. Mchoraji umchague mwenyewe."

"Mimi nitundikwe?" Mama Tangazo akacheka. "Mtawatia watu hofu, wapande treni isiyo yao."

Lakini alipofika nyumbani hakuwa akicheka tena. Binti yake, aliyekuwa muuguzi, alikuwa na jibu tayari: kijana mmoja anayechora mabibi harusi.

"Yule anakutoa umependeza, Mama. Mikunjo yote anaifuta."

"Akiifuta nitamjuaje?" akadakia mume wa Mama Tangazo, fundi saa, ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Mimi nimeizoea. Mingine nimeisababisha mwenyewe."

Mama Tangazo akawaacha wacheke, kisha akamtaja aliyemtaka. Binti akaweka sahani chini. Mama yake alikuwa amemtaja Bibi Mchoraji, yule ambaye picha zake zilikuwa zimevuka bahari, na ambaye inasemekana aliwahi kumrudisha waziri mlangoni.

"Mama, yule hakubali."

"Basi nitarudishwa. Angalau nitakuwa nimerudishwa pamoja na wakubwa."

Sababu yake hakuisema. Mwaka ule mumewe alipopasuliwa tumbo, Mama Tangazo alikaa peke yake kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, amechoka hata macho yanaona ukungu. Kando yake palikuwa na mwanamume amekaa, kofia ameipakata. Mama Tangazo akausogeza mkoba wake ili mwenzake apate nafasi. Muda ukapita ndipo akatambua kwamba ni picha, kazi ya Bibi Mchoraji, imetundikwa chini usawa wa benchi. Hata alipojua, mkoba hakuurudisha. Wakasubiri wote wawili mpaka daktari alipotoka.

Nyumba ya Bibi Mchoraji ilikuwa kwenye kichochoro cha nyuma ya maseremala. Mlango ukafunguliwa na kibibi kifupi, miwani mizito, aproni imeganda rangi mpaka imekuwa ngumu kama gamba la mti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kama ni habari ya kuchorwa, sichori tena watu." Mlango ukaanza kurudi.

"Samahani kwa usumbufu, Bibi. Nilikuja kujaribu tu. Nakutakia siku njema."

Mlango ukasimama.

"Hebu sema tena."

Mama Tangazo akarudia, ameduwaa. Yule bibi alikuwa amefumba macho.

"Ni wewe," akasema taratibu. "Dada yangu alipokuwa mgonjwa, kila wiki nilikwenda kumuuguza kwa hiyo treni ya kaskazini. Siku aliyofariki nilikuwa jukwaani. Treni ilichelewa, ukatuomba radhi. Ulituomba radhi kama mtu anayejua kilichokuwa kinanisubiri." Akafumbua macho, akamtazama juu mpaka chini. "Nilikwisha kukuwekea uso kichwani mwangu. Nimekosea kabisa. Ingia ndani."

Siku za mwanzo hakugusa brashi. Alivuta kigoda, akatazama tu. Mama Tangazo, ambaye hakuwahi kuyaogopa masikio ya mji mzima, akatokwa jasho mbele ya macho mawili. Siku moja bibi akamwambia, "Sasa tangaza." Mama Tangazo akavuta pumzi.

"Hapo hapo. Usiseme bado."

Ikawa ndiyo kazi yao: kuvuta pumzi na kutosema. Turubai ya picha hakuonyeshwa hata mara moja.

Siku ya kufunua, ukumbi ulijaa wafanyakazi, na abiria wakasimama kuangalia kulikoni. Mkuu wa stesheni akavuta kitambaa.

Pichani Mama Tangazo alikuwa amekaa na sweta lake la kahawia, mikunjo yote mahali pake. Midomo ilikuwa imefumbwa, lakini kifua kimejaa na koo limeinuka kidogo. Ukumbi ule, ambao haukuwahi kujua kimya, ukanyamaza. Wapagazi wakatua mizigo. Mzee mmoja akatega sikio kwa kiganja. Wote walikuwa wakingoja kuambiwa kitu. Fundi saa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndivyo unavyokuwa kabla ya kuniita, Mama," binti yake akanong'ona.

Mama Tangazo akamgeukia Bibi Mchoraji. "Umejuaje?"

"Sikujua. Nilikutazama mpaka nikaanza kuogopa utakachosema, halafu nikachora."

Hapo kipaza sauti kikalia: mtangazaji mpya alikuwa akiwaita abiria wa kusini. Hakuna aliyesogea. Walikuwa bado wanaikodolea macho picha, wakiisubiri yenyewe iseme.

"Jamani," Mama Tangazo akasema kwa upole, "treni hiyo. Mtaachwa."

Vichwa vyote vikageuka. Wakautazama uso wa ukutani, wakautazama uliokuwa mbele yao, na mama mmoja aliyebeba mtoto akamsogelea na kumshika mkono kabla ya kukimbilia jukwaani. Nyuma yake akaja mwingine, halafu mwingine. Treni ya kusini ikachelewa kuondoka siku ile, na dereva, alipoambiwa sababu, naye akashuka kwenda kuangalia.