Motere ya Marehemu

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, watu weusi wenye gari katika mutaa wetu wa Kadutu tulihesabika kwa vidole, na mimi nilikuwa mumoja wao. Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, lakini kamionete, gari ndogo ya mizigo, niliipata kwa jasho langu, kutoka kwa mukoloni aliyekuwa ameichoka. Rafiki yangu alipata ya pili, aina moja na yangu, hata rangi moja. Yangu ilikufa kwanza. Maji yalichemka kwenye mupando wa kilima, mimi nikakataa kusimama watu wakiangalia, motere, injini yenyewe, ikapasuka. Yake iliendelea kuleta maharagi na mihogo kutoka vijiji vya Walungu, mpaka siku ilipoingia bondeni naye ndani.

Tulimuzika. Kisha maneno yakaanza.

Bibi yake alikuwa anatengeneza kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kuiuza mulangoni. Kaka wawili wa marehemu walisema ni pombe yake iliyomuua: alimunywesha asubuhi, naye akaendesha amelewa. Wakasema mwanamuke wa namna hiyo hatalea watoto wa ukoo wao. Watoto walikuwa watatu, wa mwisho bado wa mugongoni. Wangepelekwa Walungu kwa nyanya yao, na mama arudi kwao peke yake.

Yule mujane akaja kwangu.

"Shemeji, ile gari uichukue, mimi sipendi kuiona tena. Utoe motere, utie katika yako. Lakini ukiifungua, uangalie vizuri. Bwana yangu hakunywa asubuhi ile. Alikunywa uji, nilimupa na mukono wangu. Kama kuna kitu kiliharibika mule, wewe utakiona."

"Nitakiona," nikasema. Nilijibu vile fundi anajibu.

Tuliivuta kwa kamba, kundi la wanaume, tukiimba kama watu wanaotoa mutumbwi porini kuuleta ziwani. Katika parseli yangu, kiwanja cha nyumba, nilisimamisha miti mitatu ya mikaratusi, nikaifunga vichwa, nikatundika pale palan, mashine ya minyororo ya kuinulia, niliyoazima kwenye garaji ya Muzungu nilipofanya kazi.

Kufungua gari ni kazi ya kichwa. Wengine wanaandika, mimi nilikuwa na njia yangu. Kila waya wa umeme nilifunga kipande cha kitambaa: chekundu kwa taa, cheupe kwa betri, cha maua kwa ule wa kuwashia motere. Bulo, zile bolti na nati zake, niliweka katika mikebe ya maziwa, mukebe mumoja kwa kila sehemu, nikaipanga dirishani. Bibi yangu akatoka jikoni akaangalia.

"Leo tunakula bulo?"

"Utie chumvi," nikamwambia.

Jirani naye akasimama kwenye ukingo wa parseli. "Fundi, ukimaliza kumuchuna huyo, uniachie maini!"

Siku mbili tulicheka hivyo. Mafuta na maji nilimwaga, nikatoa radiatere, nikatoa viti. Chini ya kiti cha shofere nilipata kiatu chake kimoja, kile tulichotafuta siku ya mazishi tukakikosa. Chupa haikuwamo. Kibuyu hakikuwamo. Nilifurahi kwa ajili ya mama yule.

Siku ya tatu motere ilitoka. Ilining'inia kwenye minyororo, nzima, bila ufa hata mumoja. Nilipaswa kuitia katika gari yangu siku ileile. Lakini gari yangu ilihitaji pia vyuma vya volani, vile vya usukani, nikalala chini kuvitoa.

Upande wa kushoto, ule mukono wa chuma unaogeuza gurudumu ulikuwa umetoka mahali pake. Bulo yake inashikwa na kapini kadogo, tunakaita gupiye. Kanapita katika tundu, kanakunjwa, na bulo haiwezi kujifungua hata njia iwe mbaya namna gani. Bulo haikuwapo. Katika tundu kulibaki kipande cha waya.

Ule waya niliutia mimi.

Jumamosi kabla ya ajali marehemu alikuja kwangu akisema volani inacheza. Nilikaza. Gupiye yake ilikuwa imeoza, na nyumbani sikuwa na nyingine.

"Nakutilia waya," nikamwambia. "Kesho kutwa nakuletea gupiye nzuri kutoka garaji."

"Waya huu ni wa kufungia mbuzi!"

"Basi mbuzi yako itatembea."

Alicheka sana. Bibi yake alikuwa amekaa palepale juu ya jiwe, mutoto mugongoni, ametuletea chakula. Aliniona naingia chini ya gari. Alinisikia.

Jumatatu nilirudi kutoka garaji na gupiye mufukoni. Alikuwa hajarudi kutoka Walungu. Jioni nikasikia gari yake ikipita njiani. Nilikuwa nakula, nimechoka. Nikasema, kesho. Asubuhi yake aliondoka mapema, na siku hiyo ndiyo alianguka.

Nililala chini ya ile gari mpaka mugongo ukashika baridi ya udongo. Bibi yangu aliniita mara mbili. Halafu nikashika koleo, nikauvuta ule waya, nikaenda kuutupa katika choo. Sikumwambia mutu.

Siku ya Mungu, baada ya misa, wale kaka walikuja. Mujane aliwaleta mwenyewe, watoto wote watatu wakiwa naye.

"Ee, fundi!" mukubwa akasema. "Umeokota chupa ngapi?"

"Hakuna chupa."

"Basi alizinywa pamoja na chupa zake," mudogo akasema, akacheka peke yake.

Nikawaonyesha ule mukono wa chuma. "Hii ndiyo inashika gurudumu. Iliachia. Hata padri angekuwa kwenye volani, angeanguka."

Mukubwa akainama, akaugusa. Alikuwa mukulima, lakini hakuwa mujinga.

"Iliachia kwa nini?"

"Haikufungwa vizuri."

"Nani aliifunga?"

Nilikuwa na jina katika mji ule. Wazungu wenyewe waliniita waliposhindwa. Nikamuangalia mujane. Alikuwa anakaza kitambaa cha mutoto mugongoni, polepole, macho yake juu yangu.

"Alikuwa anajitengenezea mwenyewe," nikasema.

Mukubwa akamugeukia mujane. "Ni kweli, mama?"

Angesema nini? Kama ananiita muongo, basi na neno langu juu ya pombe ni uongo, na watoto wanaondoka mbele yake. Mushahidi wake alikuwa mimi peke yangu.

"Ni kweli," akasema. "Alikuwa anajitengenezea."

Wakaenda zao bila watoto. Mukubwa aliomba hata radhi, kwa sauti ndogo.

Motere niliitia. Iliwaka vizuri, jirani wakapiga makofi, na niliendesha na motere ile miaka mingi. Mara moja nilimukuta yule mama kwenye mupando wa soko, amebeba ndizi za pombe, jasho linamutoka. Nikasimama, nikamufungulia mulango.

"Asante, papa. Natembea kwa miguu."

Nikakaa pale motere ikilia, mpaka alipopotea kwenye kona.

Alilea watoto wake wote, na wote wanajua kusoma. Walikua wakiambiwa kwamba baba yao aliangushwa na kujifanya fundi. Rafiki yangu hakujua kufunga hata gurudumu. Hakulewa, na hakugusa ile bulo. Ni mimi niliyeifunga na waya, na gupiye ilikuwa mufukoni mwangu.