Nyumba Iliyopakana na Wanajeshi

Watu waliosali na Mama Nsimire kule Louisville, Kentucky, wangekuambia kwamba mwanamke yule hajui kupandisha sauti. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee. Walimtemea uji, wakamtukana kwa Kiingereza asichokielewa vizuri, naye akawafuta midomo na kuwaombea kimoyomoyo. Kwa hiyo siku ile ya mwaka 2015, walipohamia Buffalo na yeye akabaki ndani ya lori la kukodi, mkanda kiunoni na rozari mkononi, mumewe Zéphyrin alidhani ni uchovu wa safari.

"Mama Chimène, tumefika. Shuka unyooshe miguu."

"Sishuki."

Walikuwa wamelala Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa ndugu wa kanisa, na tangu hapo Zéphyrin alikuwa akitabasamu peke yake kwenye usukani kama mtu aliyeficha zawadi. Mdogo wake Bagula, aliyewatangulia Buffalo, alikuwa amewatafutia nyumba ya kupanga huku East Side: vyumba vitatu, uwanja wa kupanda maharage, na jambo jingine ambalo Zéphyrin hakutaka kulisema njiani. Mke wake hakuwa na usingizi mzuri tangu watoke Kongo. Hapa, alijiambia, atalala.

Jambo lenyewe lilikuwa ukuta. Nyuma ya uwanja ulisimama ukuta mrefu wa matofali, na ng'ambo yake, kupitia lango, yalionekana magari ya rangi ya majani makavu na vijana wenye sare.

"Unaona, shemeji?" Bagula aliita kutoka barazani, mikono kiunoni. "Ukuta wenu ndio ukuta wa wanajeshi. Nani atawagusa hapa? Hata mwizi atazunguka mbali."

Mama Nsimire alishusha kioo.

"Bagula, weye ulizaliwa wapi?"

"Shemeji, hilo nalo ni swali gani?"

"Jibu. Ulizaliwa kwetu, ama ulianguka kutoka mbinguni?"

Kwao, kwenye milima ya Kivu, walipokuja wanajeshi wa kigeni wenye kofia za buluu na kupiga mahema juu ya kilima, kijiji kizima kiliwafuata. Nyumba zilikuwa za mbao. Watu walizibomoa ubao kwa ubao, wakazijenga upya chini ya seng'enge ya kambi. Nsimire mwenyewe aliubeba mlango wake kichwani, mtoto mgongoni, huku akiimba. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, soko likafunguka. Kisha makundi ya porini, ambayo zamani yalikuja kuiba mbuzi na kwenda zake, yakaanza kugombana na kambi. Kundi likitaka wakubwa walisikie, linaifyatulia kambi risasi. Na risasi ya kwenda kambini ilipitia kwanza kwenye mbao za watu.

"Bon," alisema Zéphyrin, uvumilivu ukianza kumwishia. "Na kaka yako Azarias? Alipokufa, kofia za buluu zilikuwako? Hakukuwa na hata askari mmoja. Watu wa porini walimuua shambani mchana kweupe. Donc, basi, usiniambie kwamba vita vililetwa na kambi."

Maneno hayo yalimchoma Nsimire, maana yalikuwa kweli. Akafumba macho. Kabla ya kambi watu walikufa. Ilipokuja walilala kidogo, halafu wakafa kwa namna nyingine. Na wanajeshi walipohamishiwa kilima kingine, wanakijiji waliobaki waliadhibiwa na yale makundi kwa kosa la kuwauzia mayai. Miaka yote hiyo redioni wakubwa walikuwa wakibishana wanajeshi waongezwe au wapunguzwe, na hajasikia hata mmoja akiuliza nani anakaa chini ya seng'enge.

"Sikusema walivileta mlangoni," alisema. "Nasema nimechoka! Nimechoka kuwekwa katikati ya mtu na adui yake, halafu niambiwe nishukuru."

Chimène, binti yao wa miaka kumi na sita aliyeketi kando yake, alichomoa waya za muziki masikioni. Akaeleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayechelewa, kwamba hawa hawalindi mtaa huu. Hapa wanafanya mazoezi tu, kisha wanapelekwa nchi za mbali.

"Zipi?"

Binti aliinua mabega. Popote penye vita.

"Basi huko kuna mama anabomoa nyumba yake sasa hivi aisogeze karibu nao," alisema Nsimire. "Mungu amkumbuke."

"Mama, hapa ni Amerika."

"Nimesikia. Sishuki."

Bagula akacheka. "Wanawake wa kwetu, ayayaye! Na yule mwingine naye hivihivi..."

"Mwingine nani?" aliuliza Nsimire.

Bagula akaanza kukagua tairi la lori.

"Bagula, nakuuliza. Nyumba nzuri namna hii, mbona hukuichukua weye? Si unabanana Lackawanna na watoto wanne?"

"Séphora alikataa," Bagula aliliambia tairi.

"Mke wako alikataa nini?"

"Ukuta."

Zéphyrin alimgeukia taratibu. "Wako amekataa, ukamletea wangu?"

"Kaka, nilidhani wako ni mpole!"

Zéphyrin alitazama ule ukuta aliousafirisha kichwani tangu Kentucky, akautazama uso wa mkewe ulivyokauka, akapanda kwenye lori na kuubamiza mlango. "Tangulia," alimwambia mdogo wake. "Tunakuja kwako. Wote."

Walipofika Lackawanna, Séphora alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Nyuma yake magodoro yalikuwa yameshatandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilinukia hadi barabarani.

"Nilimwambia huyu mwanaume mtakuja," alisema. "Nilimwambia asubuhi, nikamwambia na jana. Anasikia? Karibuni, mtabanana tu."

Mama Nsimire alifungua mkanda. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akashuka akimshikilia Chimène begani, na neno lake la kwanza likawa kuuliza choo kiko wapi.