Mama Sponji na Vitabu vya Kijani

Tuambizane ukweli: watu wengi wanaojisifu kwamba wanachagua vitabu kwa akili, wanachagua kwa jalada. Wanaona picha nzuri, wanaona herufi zinazong'aa, wanachukua, halafu wanatunga sababu njiani wakirudi nyumbani. Mama Sponji hatungi sababu. Anaingia maktaba, anakwenda moja kwa moja rafu ya nyuma karibu na dirisha lililopasuka, anachomoa kitabu cha kijani. Cha kijani tu. Jina halisomi, mwandishi hamjui wala hana haja ya kujuana naye. Kikiwa chekundu, kikae hapohapo kimngoje anayekitaka.

Kabla hujacheka, msikilize kwanza.

Huyu mama ni fundi wa kuvika makochi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Jina la Mama Sponji alipewa na wateja, kwa sababu ukimpelekea kochi lililobonyea, haliangalii. Analikalia. Anajitikisa kidogo kulia, kidogo kushoto, halafu anakupa habari zako: "Hapa anakaa mtu mzito, anaegemea huku, na chakula anakula hapahapa." Hajakosea hata siku moja. Midomoni ana pini tatu nne muda wote, ndiyo maana wasiomzoea wanadhani anaringa. Haringi. Akijisahau tu akacheka, atameza chuma.

Shule aliacha darasa la sita, akaenda kushika nyundo kwa baba yake mdogo. Tangu siku hiyo alichokuwa anasoma ni vipimo vya vitambaa na ujumbe wa wateja wanaouliza makochi yao yamefikia wapi. Vitabu aliona ni mambo ya watu wengine, kama vile ndege. Zinapita juu, zina kelele, basi.

Sasa, miaka miwili iliyopita maktaba ikamwita atengeneze viti kumi na vinane vya chumba cha kusomea. Yuko chini sakafuni, kiti kimepinduliwa miguu juu, anainua macho kutafuta nyundo, anaona kitu anachokijua. Ngozi bandia ya kijani, ile yenye vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Imejipanga rafuni kitabu baada ya kitabu.

"Wewe!" akakiambia kitabu. "Umefikaje huku?"

Ile ngozi aliijua kama anavyowajua wanawe. Aliichagua mwenyewe, jora zima, kwa ajili ya mabenchi ya hospitali, miaka sita nyuma. Mabaki akampa mzee mmoja mpole aliyepita karakana kuomba vipande. Hakumuuliza vya nini. Kumbe yule mzee ndiye aliyekuwa anatengeneza vitabu vilivyoharibika pale maktaba, na vile vipande vyote alivimalizia kwenye vitabu kabla hajastaafu.

Mama Sponji akachomoa kimoja aangalie kona. Fundi hawezi kuona kazi ya fundi mwenzake akaacha kuangalia kona. Zilikunjwa vizuri, nadhifu. Akafungua ukurasa wa kwanza aone gundi ilivyoshika. Kwenye ukurasa huo kulikuwa na mwanamke anatoa nje vyombo vyote vya mume wake, kimoja kimoja, mvua inanyesha, na hasemi kwa nini. Mama Sponji akafungua wa pili ili ajue kwa nini.

Saa kumi na moja jioni mlinzi akaja kumwambia wanafunga. Kati ya viti kumi na vinane, alikuwa amemaliza vinne.

Basi, kwisha kazi. Miaka miwili, vitabu arobaini na moja, vyote vya kijani. Alisoma karakana akisubiri gundi ikauke, alisoma jikoni, alisoma amesimama. Mara moja alipiga pini mkono wa kochi upande usio wake kwa sababu mle kitabuni mtu alikuwa karibu kufumaniwa. Alijaribu vya rangi nyingine, usiseme hakujaribu. Cha jalada la dhahabu alisinzia ukurasa wa nne. Cha bluu, chenye picha ya bwana aliyevaa koti, yule bwana alikaa kwenye ngazi akayafikiria maisha yake kurasa sitini nzima. "Ainuke basi!" Mama Sponji alifoka, na mteja aliyekuwa amekalia stuli akainuka.

Lakini vya kijani? Katika arobaini na moja, vilivyomchosha ni viwili. Kwa nini iwe hivyo, hakujua. Alidhani kitambaa chake kina bahati.

Aliyekuwa anamcheka zaidi ni wifi yake, dada wa mume wake, mwalimu wa sekondari, mtu wa miwani na maoni.

"Wifi, wewe unachagua kitabu kama mtu anachagua pazia."

"Na mapazia yangu umeyaona. Ni mabaya?"

"Mtu anaangalia mwandishi ni nani, kimeandikwa lini, kinahusu nini..."

"Kile ulichokiangalia mwandishi ukaniazima, kilinilaza na pini mdomoni. Nusura uniue, wifi. Kaka yako angekuuliza."

Ndivyo walivyo hao wawili. Wasipotaniana, ujue mmoja anaumwa.

Sasa njoo Jumanne. Saa tatu na dakika kumi asubuhi Mama Sponji anaingia maktaba kurudisha cha arobaini na moja na kuchukua kingine. Anafika kwenye rafu yake. Vitabu vipo, vinang'aa, vipya, vimejaa nyuso za watu wanaocheka. Cha kijani hakuna hata kimoja.

Akageuka. Mlangoni kulikuwa na maboksi manane, na ubavuni mwa kila boksi pameandikwa kwa kalamu nene: KUSAGWA. Kwenye upenyo wa boksi la juu, kijani.

"Kijana!" aliita, na sauti yake imezoea kushindana na cherehani. "Hivi vinakwenda wapi?"

Mkutubi alikuwa mpya, miezi mitatu kazini, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Siyo mtu mbaya. Nasema mapema ili usianze kumchukia. "Kiwanda cha karatasi, mama. Gari linakuja saa nne. Tunapunguza vile visivyosomwa."

"Visivyosomwa na nani?"

Hapa elewa kitu kimoja. Maktaba ile ina vitabu elfu kumi na mbili. Ukimwondolea Mama Sponji vya kijani, hujampunguzia vitabu mia moja na tatu. Umemfungia mlango. Hana pengine pa kuanzia. Waandishi hawajui, na kumuuliza mtu "nisome nini?" akiwa na umri wake, mwenye karakana na wajukuu wawili, anaona aibu mpaka shingo inawasha. Anajijua. Angejaribu cha dhahabu kingine, angesinzia, angeacha. Angerudi kusoma vipimo.

Akampigia wifi simu. "Njoo maktaba. Sasa hivi."

"Kuna nini? Moto?"

"Zaidi."

Wifi, shule zikiwa zimefungwa, alifika kwa dakika kumi na tano, ndala mguuni, miwani kichwani, anatafuta miwani. Alimkuta Mama Sponji amekaa juu ya maboksi kama mtu anayelinda mgonjwa, na mkutubi amesimama mbele yake na kitabu cha kijani kimefunguliwa nyuma.

"Angalia mwenyewe, mama," kijana alikuwa anasema, kwa upole wa mtu mwenye haki. "Hii ndiyo karatasi ya tarehe. Kila kikiazimwa, tunagonga muhuri. Hiki, miaka minane, kina mihuri mitatu. Miwili ni yako. Utaratibu ni kwamba kikiwa chini ya mihuri kumi, kinaondoka."

Wifi akaikamata karatasi, akaisoma. "Hapo kijana ana hoja, wifi."

"Nimekuita uje upande gani wewe?"

Mama Sponji akakichukua kitabu ili akirudishe boksini kwa hasira. Kidole gumba kikapita ndani ya jalada la nyuma. Kikasimama.

Kikarudi. Kikasimama tena palepale.

Kwenye ufundi wa makochi kuna aina mbili za watu. Kuna anayebandua kitambaa cha zamani mpaka mbao zionekane, na kuna anayevika kipya juu ya kile cha zamani, anapiga pini, anakwenda zake. Aina ya pili Mama Sponji huwakamata kwa kidole, gizani, bila kuuliza. Na pale, chini ya karatasi safi ya nyuma, palikuwa na unene usiokuwa na sababu.

Akatoa kisu chembamba mfukoni mwa aproni.

"Mama, hapana!" Kijana aliruka. "Hiyo ni mali ya umma!"

"Mali ya umma unayoipeleka ikasagwe saa nne. Mimi nitaiharibu kuliko hivyo?"

 

Kisu kikapita pembeni mwa karatasi taratibu, bila kugusa jalada. Akabandua, na chini yake ikatokea karatasi nyingine ya tarehe. Ya zamani, ya njano, imejaa mihuri kuanzia juu mpaka chini, ya zambarau, myekundu, mingine imegongwa pembeni kwa sababu nafasi iliisha. Chini ya hiyo kuna nyingine. Na nyingine.

"Hesabu!" Mama Sponji alimwambia wifi.

Wifi alishusha miwani puani akaanza, kidole kinakimbia. Alipofika hamsini sauti ikaanza kupanda. "Tisini na nane... mia... mia na saba! Wifi! Mia na saba!"

"Inaweza kuwa bahati," kijana alisema, lakini tayari alikuwa amepiga magoti kwenye maboksi. "Nichague mimi. Kutoka chini kabisa." Alichomoa kimoja, akampa mwenyewe, akasahau habari ya mali ya umma. Kisu kikapita. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mihuri tisini na minne.

"Nyuki?" wifi hakuamini.

"Nimekisoma. Kuna malkia mule ana roho mbaya kuliko wewe."

Cha tatu. Kijana alihesabu mwenyewe, na akaruka kwa furaha: "Kumi na moja! Mnaona? Kumi na moja tu!"

"Utaratibu wako ulisema kumi," wifi alimkumbusha. "Mimi nafundisha hesabu, usinichezee."

Saa nne kasorobo. Mama Sponji alikuwa amesimama katikati ya karatasi za njano, kisu mkononi, na ghafla akatulia kabisa. Kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwake, unakiona usoni kinapanda kama maji kwenye ndoo.

"Kijana. Nyumbani kwenu kuna kochi la wageni?"

"Lipo."

"Limefunikwa nailoni?"

"Mama hataki tulikalie."

"Basi hilo sitaliona karakana kwangu mpaka naingia kaburini! Mimi naletewa lile la mbele ya televisheni. Lile mnalopigania. Limetoboka, limeota shimo, sponji iko nje. Hakuna mtu anayelivika upya kochi ambalo hajalimaliza kwa kulikalia!" Alikuwa anapiga boksi kwa kiganja kila neno. "Yule mzee alikuwa anatengeneza vilivyochanika. Na vilichanika kwa nini? Watu walivisoma mpaka vikafa! Halafu akavivika kijani, majina akayaandika kwa kalamu yakafutika, akabandika karatasi safi nyuma, watu wakavipita wakidhani ni madaftari ya hospitali. Wewe ukaja ukaona karatasi nyeupe ukasema havina msomaji. Kumbe umevipanga kwenye boksi vile vilivyosomwa kuliko vyote humu ndani!"

Akashika kifua. "Na mimi miaka miwili nadhani ni kitambaa changu!"

Wifi alitikisa kichwa kukubali. Kwa wifi huyo, hiyo ni taarifa ya kitaifa.

Honi ikalia nje. Gari la kiwanda.

Kijana aliangalia maboksi, akaangalia mlango, akaangalia karatasi ya njano mkononi mwake. Alikuwa amefuata utaratibu, na utaratibu ulikuwa umeangalia nje ya kitabu kama watu wengine wote. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi la gundi. Akatoka. Kupitia dirishani walimsikia.

"Leo hakuna mzigo."

"Si umenipigia wewe mwenyewe?" dereva aliuliza.

"Nilikosea hesabu."

"Maboksi si yale pale nayaona?"

"Yale yanasomwa, bwana. Nenda."

Mama Sponji alipiga kigelegele humohumo maktaba, na bibi mmoja aliyekuwa anasoma gazeti kwenye kona akamjibu kwa kingine bila hata kujua sababu.

Kijana aliporudi alikuwa anajikuna kisogo. "Mama... kuna kitu. Kuna na vya kahawia."

"Vya nini?"

"Vya kahawia. Vilivikwa kabla ya hivi vya kijani, sijui kwa kitambaa cha nani. Viko stoo. Nilikuwa nimevipangia wiki ijayo."

"Vingapi?"

"Sijahesabu. Vimefika dari."

Sentensi haijaisha, Mama Sponji alikuwa kashafika mlango wa stoo. Ndani kulinuka vumbi na karatasi, na kweli, ukuta mzima kahawia, unaegemea kama utaanguka. Akachomoa cha kwanza kilichokuwa usawa wa mkono. Kidole gumba ndani ya jalada la nyuma. Akasikiliza kwa kidole. Akahesabu.

"Hiki kimevikwa mara mbili!" alipiga kelele. "Mara mbili! Walikisoma kikafa, kikavikwa, wakakisoma kikafa tena!"

"Lete hapa," wifi alisema.

"Kichague chako."

"Lete, wifi, mimi nasoma haraka!"

Wakakivuta, mmoja huku mmoja kule, watu wazima wenye heshima zao, vumbi linawamwagikia kichwani. Lakini mkono uliovuta kamba za makochi miaka ishirini na mbili hushindani nao. Mama Sponji akatoka nacho mpaka mezani kwa kijana, akakifungua nyuma, akanyoosha karatasi ya tarehe kwa kiganja.

"Gonga," alisema.