Maua Arobaini ya Badriya

"Umechora? Karatasi ya watu umeichora?"

"Shangazi, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Umepewa mtihani wa akili, we ukaugeuza kiganja cha bi harusi!"

Basi wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya hoteli moja Mbezi Beach, shangazi Huda upande huu, Badriya upande ule, mkoba katikati kama refa. Hoteli inataka mtu mmoja tu wa mapokezi, na walioomba walijaa mpaka kuku wa jirani wakakosa pa kupita. Badriya akiipata kazi, anabaki kwao Tabata. Akiikosa, ami yake Muntasir yuko Maskati, tiketi kashakata, anamngoja akamlelee watoto sita wasiojua kulala.

Aliambiwa watapima akili. Akili inapimwaje? Kitambaa kina futi, sukari ina mizani. Alimuuliza jirani yao, mwalimu Kamugisha, naye akajitolea kumfundisha wiki nzima pale uani kwa vizibo vya soda.

"Kimoja, viwili, vitatu. Hapa panakuja vingapi?"

"Inategemea, mwalimu. Wageni wako wangapi?"

Kamugisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Wiki ile alipungua kilo nne, na vizibo navyo vikapinda vyenyewe kwa kuchoka.

Leo asubuhi Clara, dada wa ofisini, akagawa karatasi. Picha arobaini. Kila picha ina vyumba tisa: vinane vina maumbo, cha tisa kitupu. Chini yake vimaumbo sita, ukamilishe picha.

Badriya akatazama. Akatazama tena.

Sasa huyu Badriya, Tabata nzima inamjua kwa kupaka hina na piko. Aliwahi kumchora bi harusi mmoja tausi begani, tausi akapiga kelele mpaka majirani wakaja kulalamika. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na sharti lake: kiganja ukishakijaza, bakiza nafasi moja, hapo umwekee mwenyewe ua lake, ambalo hujapata kumchorea mwingine. Ukirudia la mwenzie, umemvunjia heshima.

Kwa hiyo alipokiona kile chumba kitupu, mkono ulijua la kufanya kabla kichwa hakijauliza. Vile vimaumbo sita alivionea huruma. Vyote vilishatumika huko juu. Akachora ua. Picha ya pili, ua jingine. Yote arobaini, hakuna lililofanana na lingine, na muda ukabaki wa kuyatilia majani.

"Walisema nikamilishe," akasema Badriya. "Nimekamilisha."

"Kwa kuchagua kimoja chini! Hata mie nisiyefanya mtihani najua!"

"Sasa kama vyote sita vibaya, nichague kipi?"

"Kibaya! Wenzio wote wamechagua kibaya, na kazi watapata!"

Kichwani mwa Badriya mambo yalikuwa yanamzunguka. Kama jibu walikuwa nalo wenyewe pale chini, walikuwa wanamuuliza la nini? Na kama akili ni kurudia kilichokwishachorwa, mbona mteja akichorewa la mwenzie anagoma kulipa? Labda yeye hana akili. Labda wao. Labda akili ya mapokezi si ile ya viganja, na hakuna aliyemwambia. Mwalimu Kamugisha mwenyewe alisema jibu ni moja tu. Alipoulizwa nani kasema, akajibu, mwenye mtihani.

"Shangazi, unafikiri wataniuliza kuhusu yale maua?"

"Watakuuliza! Watakuuliza kama unaumwa!" Huda akatoa simu mkobani. "Nampigia ami yako sasa hivi aje akupokee uwanja wa ndege. Maskati hakuna mitihani, kuna watoto tu. Huko hata ukichora ukutani..."

Simu ikaita. Ikaita tena.

Mlango ukafunguka. Akatoka Clara, karatasi mkononi, anaigeuza huku, anaigeuza kule, na nyuma ya bega lake meneja anachungulia.

"Badriya ni nani hapa?"

Sikioni mwa shangazi Huda simu ikabaki inasema peke yake: "Haloo? Huda? Haloo?"