Fungu la Nziza

Mama Nziza anauza nyanya karibu na Petite Barrière, kile kizuizi kidogo cha mpakani, pale wanapopita wachuuzi wa Goma. Jina lake ni Libérata, ila hakuna anayemwita hivyo. Yeye na binti yake Nziza walipotezana kule Goma mwaka 1996, kambi za wakimbizi zilipovunjika na watu wakakimbilia msituni. Nziza hajarudi wala hajasikika.

Kila asubuhi Mama Nziza hupanga nyanya mafungu mafungu: kubwa nne nne, ndogo sita sita. Zinazobaki bila kutimiza fungu hakuna mteja anayezigusa. Anazifunika kwa kitambaa, ni za Nziza. Siku hesabu ikitimia bila baki, hujitanda kitenge kichwani na hauzi kitu mpaka jioni. Kwake yeye, baki likikosekana, mtoto hayupo tena duniani.

Nilimwonea huruma. Tena mwalimu wetu Viateur alikuwa ametufundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Akasema mwaka huu, 1999, imepatikana moja yenye tarakimu zaidi ya milioni mbili! Nikakimbia kumwambia Mama Nziza.

"Na ukubwa wote huo, hakuna wa kuigawa?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Ukipanga mbili mbili, saba saba, lazima kitu kibaki."

"Iko peke yake hivyo? Masikini."

Saidati, jirani yake wa meza, akaangua kicheko. "We mutoto, hizo nyanya zote utabeba na voiture gani, gari ya nani?"

"Tisini na saba zinatosha," nikasema. "Nayo ni namba tasa vile vile."

Tangu hapo, kabla ya shule, nilikuwa nahesabu naye tisini na saba. Siku ya nyanya kubwa, nne nne, ikabaki moja. Siku ya ndogo, sita sita, ikabaki moja. Mama Nziza akaanza kuimba akipanga.

Jumamosi moja ukungu ulishuka mzito, hata kizuizi cha mpaka hakikuonekana. Tulihesabu mara mbili kwenye beseni: tisini na saba. Ghafla kandambili za mtu zikapita nyuma yetu, nyepesi. Tukageuka wote. Ukungu tu.

Tukapanga sita sita. Fungu la mwisho likatimia, beseni likabaki tupu.

Nilichungulia chini ya meza, kwenye kikapu, hadi mikononi mwa Saidati.

"Usiniangalie. Mi sikule kitu," alisema, na safari hii hakucheka.

Tisini na sita. Hiyo inagawanyika. Nilingoja Mama Nziza ajitande kitenge.

Hakujitanda. Alichukua kile kitambaa, akakikunja polepole, macho yakiwa kule kandambili zilikoelekea.

"Donc, kumbe alipita," alisema. "Amekuja kuchukua yake mwenyewe."

Kisha akaanza kuita wateja, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mimi nilihesabu mafungu upya. Kumi na sita. Kamili.