Sahani ya Mkwezi

Mwinjuma wa Temeke alikuwa mtu wa juu. Miaka ishirini na ushei alifanya kazi ya ukwezi, na ofisi yake ilikuwa kilele cha mnazi, mahali ambapo upepo humsogeza mtu taratibu huku na huku mpaka mawazo yake yakalegea. Kutoka kule aliyaona mapaa yote ya makuti, moshi wa kila jiko, na kanga za kila mke zilizoanikwa. Kabla ya kupanda alipiga ukelele mmoja mrefu ili wanawake waliokuwa wakioga uani waingie ndani. Aliyoyaona huko juu hakumsimulia mtu, na wallahi alikuwa na mengi ya kusimulia.

Mwaka wa elfu moja mia tisa na hamsini akashuka. Magoti yamechoka, alisema, nasi tukamwamini. Alipata kazi ya ubawabu kwenye kinu kimoja cha kukamua mafuta ya nazi: koti la kaki, kigoda, na kivuli cha ukuta. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Mkewe, Mwajabu, aliendelea kumpikia vilevile kama alivyompikia alipokuwa akipanda minazi thelathini kwa siku. Asubuhi maandazi na chai ya maziwa yenye sukari ya kumwaga, mchana wali wa nazi kilima kizima, jioni mihogo ya kukaanga. Mkwezi angevimaliza vyote hivyo kwa jasho kabla ya adhuhuri. Bawabu alivikalia tu. Ilipofika mwaka wa hamsini na tatu hakuweza kufunga kikoi chake bila kuzuia pumzi, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka.

Angekaa na kitambi chake kwa amani mpaka mwisho wa siku zake, kama si mnazi mmoja.

Ulikuwa pembeni mwa uwanja wao, umeinama juu ya njia ya kwendea bomba. Mwinjuma na Mwajabu walipata mtoto mmoja tu, msichana, Chausiku. Kitovu chake kilipokatika kilizikwa pale na mche wa mnazi ukapandwa juu yake, kama ilivyo ada yetu. Chausiku hakumaliza miezi mitano duniani. Mche ulibaki, ukakua, na Mwajabu akaulea. Maji aliyooshea mchele yalikwenda pale, maji ya shombo la samaki yalikwenda pale, na jivu la jikoni pia. Alikuwa na sharti moja ambalo Temeke nzima ililijua: mguu wa mwanamume mwingine hautaukanyaga mnazi ule, ila wa baba yake Chausiku. Wakwezi wawili watatu waliojaribu kujitolea waliondoka masikio yakiwawaka. Basi tangu Mwinjuma akalie kigoda hakuna aliyeupanda, na nazi zikawa zinakauka na kuanguka zenyewe.

Siku moja ya mwezi wa sita nazi moja ilianguka kwenye foleni ya bomba na kuuvunja mtungi ambao mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameutua kichwani. Kesho yake akaja Bwana Afya. Alikuwa kijana wa Bukoba, Gaudens, kaptula nyeupe, soksi ndefu, baiskeli inayong'aa. Alitoa shikamoo kwa adabu zote, akautazama mnazi, akautazama mtungi, kisha akachovya kijiti kwenye kopo la lami na kuchora msalaba mweusi shinani.

"Mzee, pole sana," alisema. "Mnazi huu uanguliwe wote na uwe unaanguliwa kila mara, au tutaukata. Nikirudi baada ya miezi mitatu niukute safi. Tafuta mkwezi tu, kazi ya nusu saa."

"Mkwezi wake huyu hapa," alisema Mwajabu kutoka mlangoni.

Wote watatu wakakitazama kitambi cha Mwinjuma. Gaudens, kwa malezi yake mema, aliwahi kuyahamisha macho.

Jioni ile Mwinjuma alijaribu. Alifunga kamba ya miguuni, akaukumbatia mnazi, akatia mguu kwenye kikato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mnazi wenyewe mwembamba, ukalia. Kamba ikamng'ata nyayo, pumzi ikamkwama kifuani, akashuka. Kesho yake kinuni, wenzake walipokwenda kuswali, alijikalisha kwenye mizani ya kupimia magunia ya mbata. Ratili mia mbili na kumi na mbili. Gunia lililojaa lilikuwa jepesi kuliko yeye.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mkwezi tu ndiye angelifanya. Wakwezi wana kanuni yao: hupandi na tumbo limejaa. Unapanda asubuhi tumbo likiwa tupu, ukishuka ndipo unapokula. Ni kanuni nzuri kwa asubuhi moja. Mwinjuma akaichukua akaifanya ya wiki tatu. Kama tumbo tupu humfanya mtu mwepesi, alijiambia, basi liwe tupu moja kwa moja. Asubuhi alikunywa chai kavu, na maandazi akayatia mfukoni akidai atayala njiani. Bakuli la mchana aliwapa mahamali wa kinuni, ambao walimwombea dua kila siku. Jioni alidonoa vijiko viwili na kusema, "Mie nimeshiba, Mama Chausiku, leo kinuni tulikula." Alizowea kusema uongo huo mpaka ukawa rahisi.

Na mizani ikamsikiliza. Mia mbili na tano. Mia mbili. Mia na tisini na sita. Alifurahi mno, masikini.

Lakini siku zake zikawa za ajabu. Pale kigodani, harufu ya mafuta ya nazi ikimzunguka tangu asubuhi, alisinzia macho yakiwa wazi. Ukuta wa pili wa barabara ulikuja karibu, ukarudi mbali. Sauti za mahamali zilimfikia zimechelewa, zikipita kwanza mahali fulani penye maji. Aliota magunia yamejaa mikate ya kumimina, na yeye anayafungua moja moja, na kila gunia ndani yake mna gunia dogo zaidi. Mara nyingine alihisi anayumba taratibu huku na huku, akatabasamu, akadhani yuko juu. Akizinduka alijikuta ameshika ukuta kwa mikono miwili. Hakuona ubaya wowote. Alidhani wepesi wa zamani unamrudia.

Ijumaa ya wiki ya tatu, alasiri, akaupanda tena. Mwajabu alikuwa chini, anachambua mchele. Vikato kumi vya mwanzo vilikwenda vizuri na Mwinjuma akacheka peke yake. Alipofika katikati, mnazi ukaanza kumbembeleza. Alisikia hivyo hasa, kubembelezwa. Mikono ilikufa ganzi na haikumuuma. Jua likawa laini. Usingizi mtamu ukamjia kutoka miguuni, na wazo la kuachia halikumtisha hata kidogo, lilikuwa wazo la kujinyoosha kitandani baada ya kazi. Akasikia mtoto mchanga analia, mbali, kilio kidogo kisicho na nguvu.

"Baba Chausiku," alisema Mwajabu kutoka chini. Hakupiga kelele. "Shika. Shika hivyo hivyo. Shusha mguu wa kushoto. Sasa kamba. Sasa wa kulia."

Alimshusha kwa maneno, kikato baada ya kikato, bila kupandisha sauti mara moja. Mwinjuma alipogusa mchanga alipiga magoti akatapika maji matupu. Mwajabu aliyatazama maji yale. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti la kaki lililotundikwa ukutani, akatoa maandazi ya asubuhi ile, yote manne.

"Hujala," alisema.

"Nilitaka niwe mwepesi."

"Chausiku alikuwa mwepesi."

Miaka kumi na mitano jina lile lilikuwa halisemwi nyumbani ila katika kuitana, baba fulani, mama fulani.

"Alikuwa ananigeuzia uso," alisema Mwajabu. "Ziwa namwekea mdomoni, anageuka. Maziwa ya mbuzi kwa kijiko, yanatoka pembeni. Kila asubuhi nikimbeba naona amepungua. Mie sina haja ya mizani ya kinu, mikono hii ilishampima mtu anayekwenda kwa njaa. Leo nimekutazama pale juu nikaijua ile sura. Kama mnazi ni wa kukatwa, na ukatwe. Nitalia, nitanyamaza. Lakini wewe hutanigeuzia sahani yangu ndani ya nyumba hii."

Ndipo Mwinjuma alipoelewa vilima vile vya wali. Kumi na tano ni miaka mingi ya mtu kula bila kujua anachofanya. Kila sahani aliyoimaliza ilikuwa imemtuliza huyu mwanamke kwa muda wa kuosha vyombo, kisha hofu ikamrudia, akapika tena. Alilia pale pale mchangani, mtu mzima na kitambi chake. Kisha akajipangusa uso.

"Basi nilishe," alisema. "Ila nilishe nipungue. Haukatwi mnazi huu nikiwa hai."

Mwajabu alikaa akafikiri, na alipokuwa akifikiri aliendelea kuchambua mchele kwa mazoea, kisha akausukuma ungo pembeni.

"Tulipooana ulikuwa unakula nini?" aliuliza.

"Ulichopika."

"Nilipika kunde. Wali tulikuwa tunauona sikukuu."

Kuanzia kesho yake sahani ilijaa kama kawaida, maana juu ya hilo Mwajabu hakusikia la mtu. Kilichobadilika ni vilivyoijaza. Asubuhi uji mzito wa mtama, na papai au machungwa mawili, msimu wake ulikuwa umefika. Mchana kunde au choroko, mchicha wa kutosha, kipande cha samaki wa kuchoma, na muhogo wa kuchemsha badala ya ule uliokuwa ukiogelea mafutani. Nazi alikuna nusu, akakamua tui jepesi. Jioni, kabla jua halijazama, dagaa na matembele na kiazi kitamu. Sukari ilipandishwa juu ya kabati na maandazi yakafa. Mwajabu alikaa mbele yake mpaka amalize.

"Nikila yote haya nitapungua vipi?" alilalamika Mwinjuma.

"Kula. Hata anayefunga hufuturu, tena hula na daku. Wewe ulikuwa unafunga bila magharibi."

Wiki ya kwanza mizani haikusogea. Ya pili ikapanda ratili mbili, na Mwinjuma alirudi nyumbani amenuna hata salamu hakutoa. Mwajabu akampakulia kunde. Majirani walikuwa wanapita na kuuliza kama bibi harusi bado yumo ndani ananoneshwa. Lakini ukuta wa barabarani ulikuwa umetulia mahali pake. Sauti zilimfikia kwa wakati. Alianza kwenda kinuni kwa njia ndefu, na alfajiri akawa anapanda minazi mifupi ya jirani, mitano, kisha kumi, akishuka anakuta uji. Ganzi ilihama mikononi. Wiki ya nne mizani ikaanza kuteremka, polepole, ratili mbili, ratili tatu, na safari hii haikumwibia nguvu. Usiku alilala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Gaudens alirudi siku aliyosema, saa mbili asubuhi, na nyuma yake watu wawili wenye msumeno mrefu. Mwinjuma alikuwa amesimama tayari, kikoi kimefungwa kwa fundo kubwa. Jana yake mizani ilikuwa imesoma mia na themanini na nne. Hakuwa tena yule mwembamba wa ujana wake na hakujali. Akapiga ukelele wake mrefu, wa kwanza baada ya miaka mitatu, na milango ya uani ikasikika ikifungwa nyumba hadi nyumba. Akapanda.

Alipofika pale katikati alipumzika kidogo. Mnazi uliyumba, naye akayumba nao, macho wazi, mikono yake ikiwa yake. Akaendelea. Moshi wa jikoni ulibaki chini. Mapaa yakawa madogo, mengi kuliko alivyoyaacha, na katikati yake mabati mapya yalimeremeta. Upepo ulikuwa ule ule. Akapenya kati ya makuti, akakaa, na kwa kitambo kizuri hakuonekana wala hakusikika.

Chini, wenye msumeno waliulaza msumeno wao mchangani. Mwajabu alisimama ameshika shina, kiganja chake juu ya lami.

Kuna jambo ambalo Mwinjuma hakuwahi kumwambia. Kila alipoupanda mnazi huu zamani alikuta kilele chembamba, cha manjano, maua machache, na alishuka akisema mtoto hajambo. Uongo. Alidhani mchanga ule mtupu hauna cha kumpa mtu. Sasa alikuwa amekaa katikati ya kijani kilichoiva, makuti mapana, mashada yamebebana: nazi kavu, juu yake madafu, juu yake vidaka, na juu kabisa maua mapya yananuka. Alishindwa kupata mahali pa kuweka panga. Maji yote yale ya mchele, miaka yote ile, yalikuwa yamefika.

"Mama Chausiku," aliita.

"Abee."

"Mwanao ameshiba."

Mwajabu aliteleza na shina mpaka akaketi mchangani, akajifunika uso kwa kanga, na akalia kwa sauti, kilio chote alichokuwa amekizuia kwa kupika. Gaudens alivua kofia bila kujua kwa nini. Halafu juu panga likalia mara moja, na ikabidi mtu amsogeze yule mama pembeni, kwa sababu nazi zilikuwa zinakuja.