Papa Alipopewa Tuzo ya Kocha Bora

Mipira ya kikapu iliyoachwa juani ina harufu yake, ya raba iliyopata moto na jasho la viganja, na mwaka ule nyumba yetu ya Durban ilijaa harufu hiyo. Papa alikuwa kocha wa timu ya wasichana ya chuo kimoja mjini. Asubuhi alinyoa watu nywele karibu na soko la Warwick, alasiri akaenda uwanjani, nami nikitoka shule namfuata. Kabla ya vita kutukimbiza kwetu, alifundisha timu ya vijana chuoni Bukavu. Wengi wao waliuawa, na nyumbani hakuwataja kamwe.

Msimu huo wasichana wake walishinda karibu kila mechi, na Papa akachaguliwa kocha bora wa vyuo wa mwaka huo. Mkuu wa michezo aliahidi kwamba baada ya tuzo angepewa ajira ya kudumu. Mama aliipiga suti pasi huku akiimba. Ila uwanjani Papa alikuwa ameanza kuwaita wasichana majina ya kiume, na wao wakicheka, wakidhani ni utani wa kocha.

Sherehe ilifanyika mchana katika ukumbi mmoja wa Morningside. Papa alipokea kombe, akasogea mbele ya maikrofoni, akaanza kusema Kiswahili.

“Amani, simama. Mugisho, uko wapi? Musimame wote, watu wawaone.”

Akangoja, macho kwenye viti vya nyuma. Ukumbi ukadhani anashukuru kwa lugha ya kwao, makofi na vigelegele vikalipuka. Mama, aliyewajua wale vijana waliouawa Bukavu, alijifunika uso kwa kitambaa. Nikapanda jukwaani mimi.

“Papa, tushuke.”

“Ngoja kidogo, mwanangu. Vijana hawajafika.”

Daktari alisema ubongo wake unazeeka kabla ya wakati. Ajira haikuja, na msimu uliofuata timu ikapewa kocha mwingine.

Sasa Mama hayupo, na Papa anaishi kwangu, mtaa wa Bluff. Tuzo zinatolewa bado kila mwaka. Siku hizi mshindi hushukuru kwa lugha aipendayo, Kizulu au Kifaransa, na maneno yake hutafsiriwa kwenye skrini, kila mtu akaelewa. Juzi nilimsogezea Papa simu atazame. Aligeukia ukutani. Ni muda mrefu sasa hajasema neno, kwa lugha yoyote.